Mtama wa Matanga

Mbukwenyi. Salamu yetu Wagogo ndiyo hiyo, sasa kaeni popote. Viti havitoshi, na ajira pia hazitoshi, kwa hiyo tumeshazoea kusimama. Hadithi yangu haina sultani wala sungura mjanja. Ina kuku mia tatu wa broila, vibarua watatu waliochoka na ufunguo mmoja.

Wa kwanza ni Nyemo. Huyu alizaliwa na pua. Anapita mlangoni kwako anakwambia kibuyu kipi cha maziwa kitaharibika kesho. Shule iliishia la saba, pua haikuishia popote.

Wa pili ni Mazengo. Yeye alizaliwa na mkono wa kutoa. Ukimwomba koti siku ya baridi atakuvalisha, halafu atakuomba radhi kwamba kifungo kimoja kimekatika.

Wa tatu ni Malogo, na yeye alipewa kichwa. Ana digrii ya sayansi ya wanyama, upper second, si ya kuungaunga. Tena ana bahasha ya vyeti iliyochakaa kwa kwenda ofisini na kurudi. We regret to inform you, ile barua ya kunyimwa kazi, anaijua kama Baba Yetu.

Wote watatu walifanya kazi kwa Bi Sechelela, mjane mwenye banda la kuku huku Kongwa. Malogo alipoomba kazi alimwonyesha vyeti. Bibi akavitazama, akavirudisha kwa heshima zote. "Mwanangu, kuku hawali karatasi. Shika toroli."

Basi mwaka ule mvua ikakata mapema, mahindi yakawa ya kutafutwa kwa tochi. Bi Sechelela mwenyewe magoti yalishamkataa, na binti yake wa Mwanza alikuwa anamwita kila wiki akakae naye. Akasema hatoki mpaka kundi la mwisho litoke salama. Tena akasema mbele ya wote watatu kwamba atakayemwokolea kundi hilo ndiye atakayeachiwa banda, na maji yake, na wateja wake. Vifaranga walikuwa na wiki mbili.

Dalali akaleta magunia manne ya mahindi. Nyemo akafungua la kwanza, akanusa, akafunga. La pili vilevile. Hakumwuliza mtu. Aliyaburuta yote manne hadi shimoni, akayamwaga, akatia moto. Bibi akaja anachechemea, anauliza kama amewamwagia vifaranga wake chakula.

"Nimemwaga kifo, bibi," Nyemo akasema, akaendelea kukunja magunia.

Wiki haikuisha, jirani aliyenunua kwa dalali yuleyule akazika kuku wake wote. Ukungu ulikuwa ndani ya punje. Pua ilisema kweli. Ila vyombo vya kuku wetu vilikuwa vitupu.

Mazengo akaenda kwao. Katika kihenge cha mama yake mlikuwa na mtama mwekundu, uliowekwa kwa pombe ya kumaliza matanga ya baba yake. Ndugu walishaalikwa, hadi wa Manyoni. Akaubeba wote mama akiwa kisimani. Mama aliporudi hakulia, alikaa chini tu. Jioni akamwambia neno moja: "Umemnyima baba yako kikombe, ukawape kuku wa watu." Tangu siku hiyo wanakaa nyumba moja na hawasemezani.

Mtama ukasagwa, ukatiwa dagaa na mashudu ya alizeti. Na hapa ndipo tulipokosea sisi watu wa huku, maana tungekosea wote. Tumekulia ugali wa mtama, tukadhani kilichotukuza sisi kitamkuza na broila. Broila si Mgogo, jamani. Mtama mwekundu una ukakasi, na ukakasi ule hauachi chakula kifanye kazi tumboni. Kuku wakadonoa, wakanuna, wakaacha kukua. Siku nne uzito uleule, na siku nne za broila ni mwaka wa mtu.

Siku ya tano Malogo akaweka toroli chini. Akaeleza kwamba mtama ulowekwe kwenye maji ya majivu hadi kesho yake, uoshwe, uanikwe, ndipo usagwe. Wakafanya hivyo. Wiki iliyofuata kuku walikuwa wanatembea matumbo mbele kama waheshimiwa wanaotoka semina.

"Ulijua lini?" Nyemo akamwuliza.

"Tangu gunia la kwanza la mtama."

"Na ukanyamaza?"

"Niliambiwa nishike toroli. Nilishika."

Kundi likatoka salama. Bi Sechelela akawaita, akaweka ufunguo wa banda juu ya gunia tupu.

Nyemo akasema bila pua yake wangekuwa wanachimba shimo, si kufungasha kuku. Malogo akasema pua ilileta njaa na mtama ukaleta udumavu, kilichonenepesha ni majivu. Mazengo hakujisifu. Alisema anataka tu kurudi nyumbani na kitu mkononi, ili mama yake aseme naye.

Nyemo, naye mchovu wa mabishano, akapendekeza banda liwe la wote watatu. Bibi akatikisa kichwa.

"Kamati haifugi kuku. Mimi na marehemu tulikuwa wawili, na kila siku tuligombana nani hakufunga mlango."

Basi la Mwanza linapita Ijumaa alfajiri. Leo ni Jumatano, na ufunguo bado uko juu ya gunia.

Mimi sina nguvu ya kuamua. Nimeamuliwa mambo mengi na watu nisiowajua, sitaki kumfanyia mwingine. Nyinyi mliokaa ndio mseme: pua iliyozuia kifo bila kuuliza, mkono uliotoa kisicho chake, au kichwa kilichojua kikanuna siku nne? Wewe ungempa nani ufunguo? Na wale wawili watakaobaki na toroli, ungewatazama usoni ukawaambia nini?