Jina la Mtoto wa Ilowoko

Sogeeni, ninyi mnaopenda kuamua kesi za wenzenu. Hii bado haijapata hakimu.

Katika halmashauri moja ya nchi kame walikuwapo watumishi watatu, kila mmoja na kipaji chake. Nyemo, mpima ardhi, alikuwa na jicho lisilodanganyika: jiwe la mpaka likisogea upana wa kidole, alijua kabla hajatoa kamba. Sechelela wa masijala, karatasi ikipita mkononi mwake mara moja haikumtoka kichwani. Na Chiku, fundi wa maji na mitaro, alikuwa na sikio. Akililaza ardhini alikuambia maji yako wapi, yanatembea au yamelala.

Mwaka huo mwekezaji mmoja alileta mchoro wa viwanja mia mbili katika uwanda wa Ilowoko. Barabara zimenyooka, mitaro na visima vimechorwa, hakuna kilichosahauliwa. Familia tatu zilikwisha kujenga na kuhamia, zikiamini kibali ni muhuri tu. Kamati ikawatuma Nyemo na Chiku wakakague kwanza.

Jumatatu Nyemo alipima mawe, yakakubaliana na mchoro. Jumanne alirudi kuhakiki, akakuta jiwe la arobaini na moja limehama shubiri nzima. Nyasi hazikukanyagwa, udongo haukuchimbwa. Jumatano likahama tena, na mengine sita pamoja nalo, yote yakielekea katikati ya uwanda, kama watu wanaosogea kusikiliza jambo.

"Kuna mtu anatuchezea," Chiku alisema.

"Hakuna mtu, dada," Nyemo alijibu kwa sauti ya chini. "Mawe hayasogezwi. Ardhi yenyewe ndiyo inayokwenda."

Basi Chiku akavua kilemba, akalaza sikio pale katikati, jua la saa sita likimchoma mgongo. Akasikia maji. Hayakutembea wala hayakulala; yalikuwa yakizunguka polepole, chini sana. Kisha, ndani ya maji, akasikia mchi. Mtu anatwanga.

Mchi ukanyamaza. Sauti ya mwanamke ikasema, karibu kabisa na sikio lake: "Nani huyo juu? Mimi Matika. Ondokeni, mwenzangu. Mvua ya kwanza tu."

Chiku aliinuka, upande mmoja wa uso umekuwa wa baridi kama mtungi.

"Umesikia nini?" Nyemo akauliza.

"Maji. Kuna pango, na dari yake ni nyembamba." Hakuongeza neno. Wewe ungeongeza, nani angekuamini?

Kamati haikuwaamini hata kwa hayo machache. Mwekezaji alicheka: "Mheshimiwa mwenyekiti, tuzuie viwanja mia mbili kwa sababu ya jiwe na sikio?" Mwenyekiti alikuwa ameshika muhuri. Ndipo Sechelela, aliyekaa pembeni akiandika kumbukumbu, akaweka kalamu chini.

"Naomba dakika tano," alisema. "Kuna jalada la kijivu, rafu ya chini, limeliwa na mchwa ukingoni. Nililigusa mwaka nilioajiriwa."

Akalileta, akasoma. Ilowoko kulikuwa na kijiji, kaya kumi na tisa. Mvua ya kwanza ilipopiga, mchana, ardhi ilifunguka ikawameza, kisha ikajifunga. Ramani zilizofuata hazikukiandika tena. Akasoma majina ya waliopotea, moja baada ya jingine, hadi: "Matika, mama wa nyumbani. Mara ya mwisho alionekana akitwanga."

Chiku alishika meza kwa mikono miwili.

Mchoro ulikataliwa, na familia tatu zikaamriwa kuhama siku hiyohiyo. Wa mwisho kutoka alikuwa Mbeleje, mwenye mimba ya miezi tisa. "Nyumba hii nimeimwagia jasho, siendi!" alilia. Chiku alimshika mkono, hakumwachia mpaka kilimani.

Ijumaa mchana mvua ikanyesha. Wakiwa kule juu waliona nyumba tatu zikishuka zikiwa zimesimama wima, bila kishindo, kama watu wanaoketi. Uwanda ukabaki maji matupu. Haukuelea hata ubao.

Alfajiri Mbeleje akajifungua mtoto wa kike. "Atabeba jina la aliyemwokoa," alisema. "Moja tu, ndiyo desturi yetu."

"Basi ni Nyemo," alisema mumewe. "Bila jicho lake, nani angeinamia ardhi?"

"Ni Sechelela," alisema mama mkwe. "Bila karatasi ile, muhuri ungepigwa."

"Ni Chiku," alisema Mbeleje. "Aliyasikia maji, tena ndiye aliyenivuta."

Chiku alimtazama mtoto, na siri ikamshinda. "Mimi nilisikia tu," alisema. "Aliyeonya ni mwingine." Akawasimulia yote, na jina akalitaja.

Mbeleje alimkumbatia mwanawe. "Nimpe mwanangu jina la aliyemezwa na ardhi?"

"Na tukimnyima aliyetuonya," mama mkwe akauliza taratibu, "siku nyingine ataonya tena?"

Mtoto sasa anatambaa, na kwenye cheti chake mstari wa jina bado ni mtupu. Kila mvua inapotanda, hulaza sikio sakafuni, akatulia.

Haya, kalamu hii hapa. Je, wewe ungeandika jina la nani?