Uzi wa Samawati wa Kaisani

Inasimuliwa kwamba usiku mmoja, katika mji uliokuwa kando ya mto Furati, ilisikika sauti moja tu: chubwi! Kisha kimya.

Sheikh Zurara bin Adi alikuwa juu ya msala wake akisali tahajudi, sala ya usiku wa manane. Alitoka mbio bila viatu, kwa kuwa kisima cha nyumba ya wasafiri kilikuwa jirani na mlango wake. Yeye na majirani wakamtoa humo Suwaidi, msafisha visima, ambaye kazi yake ilikuwa ya usiku, saa ambazo watu hawateki maji. Alikuwa hai, lakini mguu umevunjika. Kamba iliyomteremsha ilikuwa imekatika katikati.

Zurara alikuwa mkuu wa wasokotaji kamba wa mji ule, na kamba ile ilitoka katika karakana yake. Kwa ada yao, kila msokotaji alitia ndani ya kamba uzi wa rangi yake, ili kazi imshuhudie. Uzi uliochungulia pale kamba ilipokatika ulikuwa wa samawati, uzi wa Kaisani, mwanafunzi wake. Lakini Zurara aliona na jambo la pili: nyuzi kuukuu za mtende, zimefichwa kati ya mpya. Mwezi wa Shaabani, misafara ilipokuwa mingi na nyuzi mpya hazitoshi, yeye mwenyewe ndiye aliyeamuru, "Changanya na zile kuukuu. Nani ataifumua kamba atazame?"

"Mwalimu," Kaisani alikuwa amemjibu, "kamba haijui kuficha siri."

"Changanya, mwanangu. Wateja wanangoja."

Ijumaa baada ya sala, muhtasibu, msimamizi wa soko, alimwita Kaisani mbele ya watu.

"Msokotaji hajiamulii nyuzi. Nani alikuamuru?"

"Uzi ni wangu, bwana. Mengine namwachia Mola."

Akapewa muda hadi Ijumaa ya tatu amtaje mtu huyo. Hakuna aliyethubutu kumdhania Sheikh. Sokoni vijana walimpigia Kaisani kelele, "Ewe Kaisani! Siku hizi unasokota tambi?" Naye alitabasamu, akapita.

Zurara hakulala. Alijiambia, "Nikianguka mimi, nyumba arobaini zinazokula kwa karakana hii zitashinda na njaa." Aliipenda hoja ile, maana ilifanana na huruma. Akampelekea Suwaidi unga, asali na tabibu. Suwaidi akainua mikono kitandani. "Mola akulipe, Sheikh, kwa kadiri ya ulilonitendea." Zurara alishindwa kuitikia amina.

Ijumaa ya tatu ikafika, na Kaisani hakutaja mtu. Moto ukawashwa mbele ya lango la soko. Ada ilitaka uzi wa mkosaji uchomwe, na baada ya hapo karakana yoyote isimpokee tena maisha yake. Na aliyetakiwa kuutia motoni kwa mkono wake alikuwa mkuu wa wasokotaji.

Kaisani akauweka uzi wa samawati katika kiganja cha Zurara. Akauona mkono ule, uliomfunza kusokota tangu alipokuwa yatima wa miaka saba, ukitikisika.

"Usitetemeke, Mwalimu," alinong'ona. "Uzi hauna uzito."

Ndugu zangu, wote tunaning'inia kwenye kamba ya mtu. Aliyepewa ukubwa amepewa ncha ya juu, na chini yake yumo kisimani mtu asiyeweza kuiona mikono iliyomshika. Sala za usiku hazimfai kitu mshikaji huyo, kama mchana anaificha mikono yake nyuma ya mikono ya aliye mdogo wake.

Zurara aliufumba mkono juu ya uzi, akarudi nyuma hatua moja kutoka motoni.

"Muhtasibu," alisema, "mtu unayemtafuta ninamjua."

"Mtaje, Sheikh."

"Zurara bin Adi."