Posamu wa Bi Stavroula

Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Wahenga waliotuachia maneno haya hawakulisifu zimwi, la hasha! Walijua tu kwamba msumbufu uliyemzoea huwa na kiasi, ilhali mgeni hana. Asiyesadiki na amuulize Thanasis wa Melbourne.

Mama yake, Bi Stavroula, alikuwa mjane wa Kigiriki. Darini mwake aliishi posamu jike, mnyama wa ukubwa wa paka mwenye mkia wa manyoya. Mchana alilala usingizi wa pono; giza likiingia, alitambaa juu ya ukuta akashuka bustanini kula matumba ya waridi. Bi Stavroula alimtukana mpaka mate yakamkauka, kisha akamwekea vipande vya tufaha chini ya mwaridi wa uani. Hivyo ndivyo walivyoelewana miaka nenda miaka rudi: mwaridi wa uani ulikuwa wa posamu, na mawaridi meupe ya mbele yalikuwa ya kanisa.

Mwaka ule mumewe alifariki. Kabla hajakata roho, Bi Stavroula alimwahidi kwamba mawaridi aliyoyapanda marehemu kwa mikono yake ndiyo yatakayopamba jeneza la mfano la Kristo kanisani jioni ya Alhamisi Kuu, kama ilivyo desturi ya wanawake wao. Basi Thanasis alipoona tumba moja la mbele limeng'atwa, damu ilimchemka.

"Mama, huyu mdudu wako atakuaibisha!"

"Mwache. Namjua, ananijua."

"Anakujua! Kwani ni mkweo?"

Mama alipokwenda kumtembelea dada yake, Thanasis alitega mtego wa waya, akamnasa posamu na kumpeleka kwa gari hadi msituni, mbali na mji. Alirudi kifua mbele, akamsimulia jirani yao Maureen, mlezi wa wanyama waliojeruhiwa.

Maureen alishika kichwa. "Ole wako, Thanasis! Sheria inakataza. Huko kila pango la mti lina mwenyewe. Posamu wenyeji watampiga mpaka afe. Na hiyo dari unadhani itakaa tupu?"

"Nitaziba tundu la dari kesho," alijibu kwa kiburi kidogo.

Kesho ikazaa kesho nyingine. Posamu wawili madume, wageni, wakaja kuigombea dari, wakikoroma na kufukuzana juu ya vigae. Hawakujua mwaridi wa uani wala wa mbele. Asubuhi ya Alhamisi Kuu Bi Stavroula alifungua mlango, akakuta vijiti vitupu. Aliketi kizingitini akalia kwa kwikwi.

"Mama, nilitaka kukusaidia tu," Thanasis alisema, akamweleza yote. "Nitakununulia mawaridi, gari zima ukitaka."

"Ya dukani hakuyapanda baba yako. Nilimwahidi, mwanangu. Sasa nitamwambia nini?"

Jioni ile mama yake alisimama kanisani mikono mitupu, akiwapokeza wenzake maua yao. Kila aliyepokea alimtazama kwa huruma, naye akainamisha uso. Thanasis aliyaona yote akiwa mlangoni. Alimkumbuka yule posamu aliyekula tumba moja akaacha mengine, pengine sasa mzoga msituni, na hapo akasadiki bila kuambiwa na mtu: zimwi likujualo halikuli likakwisha.