Arobaini ya Mume wa Bi Tufaha

Alfajiri mmesikia fagio la mama yenu likikwaruza uani, na mmemsikia akimgombeza baba yenu: "Unachokiacha uwanjani ndicho mkeka wako." Sasa mnataka kujua usemi huo umetoka wapi. Haya, sogeeni. Ulianza hivi.

Watu wa mtaa wa Kisimani hawakuwa na mahali pa kukutania. Wakasaidiana, wakafyeka kiwanja, wakaezeka makuti upande mmoja. Arusi pale, vikao pale, maulidi pale. Ila kila mtu aliona kufagia ni kazi ya atakayefuata. Bi Tufaha, aliyekaa jirani na kiwanja, akawa anafagia yeye. Akilalamika, hujibiwa, "Mama wee, uwanja si wetu sote?" Wetu sote, lakini fagio lake peke yake!

Kisha akafiwa na mumewe. Siku ya arobaini alitaka amsomee khitma ya heshima, mbele ya majirani. Kufika kiwanjani asubuhi, akakuta mifupa, maganda ya miwa na majivu ya mafiga. Safari hii hakufagia. Akatandika mikeka juu ya uchafu ule ule, akangoja watu.

"Mzee Shekue, wewe hapa," alimwambia jirani wa kwanza kufika. "Juu ya mifupa ya arusi ya binti yako."

"Tufaha! Na kanzu hii nyeupe?"

"Kanzu umeifua, mifupa hukuizoa. Mwanakombo, njoo mwanangu. Maganda yako ya miwa haya, kaa."

"Hee, mama! Yananichoma!"

"Mimi yamenichoma mwaka mzima. Na leo ni siku ya mume wangu."

Mzee Shekue akakunja mikono ya kanzu, akaanza kuokota mifupa. Mwanakombo akazoa maganda kwa kanga yake mwenyewe. Mwanamke mmoja akamshika Bi Tufaha mabegani, akamkalisha kivulini, asiguse kitu. Khitma ikasomwa mahali safi, na mjane akapata nafasi ya kulia.

Tangu hapo, watu wa Kisimani hawaondoki kabla ya kutazama walipokuwa wamekaa. Unachokiacha uwanjani ndicho mkeka wako.

Siku ile, majirani walipokuwa wakiaga, Bi Tufaha aliwashika mikono mmoja mmoja.

"Kesho njooni tena, jamani," alisema, "hata kama hakuna khitma. Nyumba imekuwa kimya mno."