Gofri za Jibini za Mwokaji Ananie

Wahenga walinena kwamba akosaye la mama, hata la mbwa huamwa. Kuamwa ni kunyonya titi, na maana ya maneno hayo ni kuwa mtu aliyenyimwa kile alichokizoea hana budi kushika kilichopo, hata kama jana alikidharau. Hakuna furaha katika methali hii. Ni maneno ya mtu aliyechoka, ambaye hata hivyo hajakubali kufa. Katungu, mkazi wa Vulamba katika mji wa Butembo, aliyasikia tangu utotoni, lakini uzito wake aliupima mwaka ule wa vita ambao mumewe, Ananie, alikatazwa mkate.

Ananie alikuwa mwokaji. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa amewasha tanuri la matofali nyuma ya nyumba yake, na watu wa Vulamba waliamshwa na harufu ya mikate yake kama wengine wanavyoamshwa na kengele ya kanisa. Yeye mwenyewe alikula mkate asubuhi, mchana na jioni, akiuchovya katika chai tamu kama asali. Ugonjwa wa sukari ulipomshika, alipewa vidonge. Akavimeza na kuendelea kula mkate, kama mtu anayezima moto kwa mkono mmoja huku akiuchochea kwa mkono wa pili.

Kisha vita vikaifunga barabara ya Beni. Unga wa ngano uliotoka Uganda ukakatika, na vidonge navyo vikakatika. Joyeuse, binti yao aliyeolewa Bungulu huko Beni, alituma barua kwa mkono wa mpita njia: dawa alikuwa amezipata, lakini hakuna gari lililothubutu kupita. Tanuri likapoa. Ananie akaanza kunywa maji kama mchanga na kukonda huku akila, na kidonda kidogo alichochubuliwa na kiatu katika kidole cha mguu wa kushoto kikakataa kupona. Kikawa cheusi pembeni. Kikaanza kunuka.

Élise, muuguzi wa zahanati ya jirani, alikisafisha kidonda hicho kwa maji ya chumvi, maana hakuwa na kingine. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

"Baba Ananie, dawa hapana," alisema. "Donc, basi, dawa yako sasa ni kinywa. Mukate hapana, bugali hapana, viazi hapana, ndizi hapana, chai ya sukari hapana. Kula mayai, mboga, nyama kama iko, maziwa kidogo, fromage, ile jibini. Usiposikia, huu muguu utakatwa, na mimi sina hata kitu ya kukusinzisha nayo."

Ananie aliinamisha kichwa kama mtoto aliyekaripiwa. Siku tatu alikula mayai na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa na kupikwa. Siku ya nne aliisukuma sahani.

"Haya ni majani ya mbuzi," alisema. "Mama Joyeuse, mimi si mbuzi."

Siku ya sita Katungu alirudi kutoka mtoni na ndoo kichwani, akamkuta mumewe amechuchumaa mbele ya tanuri baridi, mguu mbovu ameunyoosha pembeni. Juu ya makaa machache palikuwa na mkate mdogo usiozidi kiganja. Kumbe alikuwa ameficha robo ya gunia la unga nyuma ya kuni, na kila alipoachwa peke yake alikuwa akijiokea. Katungu aliitua ndoo polepole. Hakupiga kelele, nguvu za kupiga kelele zilikuwa zimemwishia wiki nyingi zilizopita. Alikaa chini kwenye vumbi karibu naye.

"Unataka nikuzike?" aliuliza.

"Hapana."

"Basi nieleze, baba. Ni nini iko ndani ya mukate inakushinda hivi?"

Ananie aliutazama ule mkate. Machozi yalimlengalenga, naye alikuwa mtu ambaye Katungu hakuwa amemwona akilia hata walipomzika mtoto wao wa kwanza.

"Ni kuuma," alisema hatimaye. "Kitu cha moto, kikavu inje, laini ndani. Kitu ya kushika na mukono. Mboga haishikwi. Nikikula mboga, naona ni kama niko nangoja chakula."

Maneno hayo yalimkaa Katungu moyoni kama mwiba. Alikumbuka usichana wake huko Lubero, alipokuwa akisaidia jikoni kwa watawa. Kila sikukuu, masista walipika gofri: rojo la unga, mayai na sukari lililomiminwa kati ya mabamba mawili ya chuma yenye vijumba vya mraba, kisha likageuzwa juu ya moto mpaka likakauka nje na kubaki laini ndani. Lilikuwa jambo la unga na sukari, yaani sumu kwa mumewe. Lakini jikoni humohumo, jibini iliyodondokea chuma cha moto iliganda na kukauka ikawa ngumu kama ganda la mkate, na wasichana waligombania kuibandua. Je, mtu akiichanganya na mayai na kuacha unga?

Asubuhi iliyofuata aliutia unga wa mumewe katika kikapu, akaufunika kwa majani ya sombe, akaweka mkanda wa kikapu kwenye paji la uso na kushika njia ya Lubero. Ananie alimtazama akiondoka na unga wake. Jirani mmoja alikubali kumwangalia.

Alitembea siku mbili. Sehemu moja alipandishwa na gari la makabichi, likaharibika, akashuka na kuendelea kwa miguu katika ukungu wa milimani. Miguu ilimvimba. Alipofika kwa watawa, alimkuta Sista Godelive, ambaye zamani walimenya viazi pamoja, sasa ni mzee aliyekunjika mgongo. Godelive aliufungua unga ule, akautia kidole.

"Ni majuma tano hatuna hostia, mukate ya misa," alisema. "Padri anavunja moja mara ishirini. Unataka nini, Katungu?"

Katungu alimweleza. Jibini ilikuwepo tele. Ng'ombe hawakujua kama kuna vita, waliendelea kutoa maziwa, na wafanyabiashara walioipeleka mbali hawakuja tena. Godelive alimpa magurudumu matatu ya jibini. Chuma cha gofri alikitoa juu ya kabati, kimeota kutu.

"Bila unga na sukari, hiki kilikuwa kinalala tu," alisema. "Enda nacho. Wasingya, asante kwa unga."

Wakati wa kurudi, alisimamishwa kwenye kizuizi cha askari. Kijana mwenye bunduki alivuta kitambaa kilichofunika kikapu, akatoa gurudumu moja la njano na kuuliza kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kilingala.

"Mama, eza nini? Eza sabuni?"

"Ni fromage, mwanangu. Ni ya mugonjwa."

Kijana alikata kipande kwa kisu, akatafuna, akatema. Mwenzake akaonja na hakutema. Wakachukua gurudumu moja zima, wakakigeuzageuza kile chuma wakitafuta ni silaha ya namna gani, kisha wakamwachia. Katungu alitembea hatua mia moja, akakaa kando ya barabara mpaka pumzi ikamrudia.

Nyumbani alimkuta mumewe amelala, uso wa majivu. Alikisugua chuma kwa mchanga, akawasha makaa, akakwaruza jibini, akavunja mayai mawili na kukoroga. Ananie alikuwa akimtazama kutoka kitandani kupitia mlango uliokuwa wazi. Gofri ya kwanza ilishika chuma na kupasuka vipande. Ya pili iliungua upande mmoja na kubaki uji upande wa pili. Katungu alimpelekea vipande hivyohivyo.

Ananie alikiweka kimoja mdomoni. Alitafuna kama anayetafuna kamba.

"Sasa umeniletea titi ya mbwa," alisema.

"Nyonya, basi," Katungu alijibu. "La mama liko Beni, na barabara imefungwa."

Alisema hivyo bila hasira, kwa sauti ya mtu aliyeishiwa, akarudi kuketi mbele ya makaa. Alimimina ya tatu. Alipotaka kukifunua chuma alisikia nyuma yake mguu unaburutwa.

"Usifungue," alisema Ananie.

Alikuwa amesimama mlangoni, ameegemea fimbo.

"Unaona mvuke? Mvuke ingali inatoka, maana yake maji yako ndani. Ukifungua sasa, itapasuka. Ngoja iache yenyewe." Alisogea, akajishusha kwenye kigoda kwa kuuma meno. "Na chuma haikupata moto kwanza. Haikupakwa mafuta. Wewe, umeishi na muokaji miaka ngapi?"

"Mingi," alisema Katungu.

Walingoja. Mvuke ukapungua, ukawa uzi, ukakoma. Ananie akashika mpini, akafunua. Gofri ilibanduka yenyewe, ya dhahabu, vijumba vyake vimesimama sawasawa. Aliikunja kwa vidole vilivyozoea moto, akasikiliza ilivyolia, akauma. Katungu alimtazama taya.

"Huu hapana mukate," alisema.

"Najua."

Akauma tena. Akamaliza. Akanyoosha mkono kuchukua bakuli la mayai.

"Jibini yako umekwaruza kubwa-kubwa," alisema. "Leta, nikuonyeshe."

Tangu siku hiyo hakumwachia mkewe chuma. Alipika gofri moja asubuhi na moja jioni, akala na sombe au kabichi, na mara nyingine akalalamika kwamba chumvi imezidi. Lakini alikula. Kiu ikaanza kupungua. Jibini ilipokwisha, Katungu alirudi Lubero, safari hii amebeba mbegu za maharagwe kwa ajili ya bustani ya watawa, na njia ilikuwa ndefu vilevile. Alipopumzika kandokando ya barabara, alijiuliza mwili wa binadamu umeumbwa kwa nini hata uvumilie hivi, kisha akainuka.

Baada ya majuma saba barabara ya Beni ilifunguliwa, na Joyeuse akaja na vidonge ndani ya soksi. Élise alifungua kitambaa cha kidonda mbele yao. Kidole chenyewe alikuwa amekikata siku ishirini kabla, na Ananie aliuma fimbo yake wakati wa kukatwa. Lakini ule weusi haukupanda. Nyama ilikuwa nyekundu na safi.

"Muguu unabaki," alisema Élise. Akakaa juu ya kitanda cha mgonjwa wake bila kuomba ruhusa, akafumba macho kidogo. "Ningekuwa na vidonge peke yake, na wewe ungali unakula mukate, ningekata kwenye goti."

Unga uliporudi sokoni, tanuri liliwashwa tena, na Vulamba ikaamka kwa harufu ileile. Ananie, akichechemea, aliwauzia watu mikate ambayo yeye hakuigusa. Siku moja mzee mwenye ugonjwa kama wake alikuja kutoka mtaa wa pili kumwuliza habari za gofri hizo.

"Niambie kweli," alisema mzee. "Inafanana na mukate?"

Ananie alitazama ile mikate iliyopangwa juu ya ubao, mingine bado ikitoa mvuke.

"Hapana," alijibu. "Hata kidogo. Kila asubuhi bado natamani mukate. Lakini nilikula hii, na leo nimesimama na miguu mbili. Ingia, nikuonyeshe."

Mzee akaingia. Katungu, aliyekuwa ameketi kando akichambua maharagwe, alimsogezea kigoda bila kuinuka. Alikuwa bado amechoka, na vita vilikuwa bado havijaisha. Lakini mumewe alikuwa hai, akimfundisha mtu mwingine namna ya kuishi. Kweli, akosaye la mama, hata la mbwa huamwa.