Jani Halipimwi Mara Mbili

Jani halipimwi mara mbili.

Methali hii ilianza hivi, nanyi mlioisikia leo kwenye foleni mkaanza kuulizana imetoka wapi, tulieni mwambiwe. Haikutoka kwenye kitabu cha shule. Ilitoka hapa hapa, kwenye kibanda chetu cha kupimia majani ya chai, mdomoni mwa mtu ambaye hakuna aliyempenda.

Mtu huyo aliitwa Kibona, karani wa mizani. Huku kwetu Rungwe mvua haina ratiba, na majani yakifika yamelowa, karani hukata kilo za maji. Makarani wengine walikata kwa huruma. Kibona alikata kwa haki, na haki nayo ikizidi huchosha. Salamu aliitikia kwa kichwa. Ukutani nyuma yake palikuwa na ubao wa masharti ya chama cha wakulima, lakini hakuna aliyeusoma, kwa sababu msumari wake ndio Kibona aliotundikia koti lake la mvua.

Tumwache kwanza Kibona. Habari yenyewe ilianza na mwanamke aliyeitwa Subilaga, na ilianza kwa kitenge.

Subilaga alikuwa na nusu ekari ya chai. Mama mkwe wake alimkabidhi shamba hilo mbele ya wazee, wiki chache kabla ya kufariki, akawaruka watoto wake mwenyewe wa kuzaa. Mume wa Subilaga alikuwa Chunya akichimba dhahabu, akirudi kila Krismasi, mwaka huu na fedha, mwaka ujao na maelezo. Kwa hiyo shamba ndilo lililoweka ugali mezani. Kiwanda kililipa mara moja kwa mwezi, tarehe kumi na tano, na Machi ile mdogo wake Subilaga alikuwa anaolewa. Kamati ya harusi ikachagua sare ya zambarau. Malipo yalikuwa siku kumi na mbili mbele, na fundi alitaka kitambaa kesho yake.

Msicheke. Nanyi mmekopa kwa simu ili mnunue viatu. Dada wa bibi harusi hawezi kusimama kwenye picha na gauni la rangi nyingine, watu wataiangalia picha ile miaka thelathini.

Akaenda kwa Mzee Mwangoka. Mwangoka alikuwa mkulima mwenzao, mwenye shamba dogo kuliko la Subilaga na koti zuri kuliko la yeyote. Alikuwa na maneno laini, na alikopesha bila maandishi wala shahidi. Akampa shilingi elfu kumi, siku ya malipo arudishe elfu kumi na tano. Siku kumi na mbili tu, Subilaga alijiambia, zitapita kabla harusi haijasahaulika.

Tarehe kumi na tano ikafika. Subilaga akashika fedha yake, akaigawa kichwani: mbolea, ada, chumvi, mafuta ya taa. Akimlipa Mwangoka elfu kumi na tano, mwezi mzima atakula maji. Mwangoka akamwambia asihangaike. Elfu kumi ingesubiri hadi mwezi ujao. Ampe ile ya juu tu, na hata hiyo asitoe fedha, amtolee majani: kilo hamsini, zipimwe kwa namba ya uanachama ya Mwangoka badala ya namba yake, ili kiwanda kimlipe yeye. Kilo moja ilikuwa shilingi mia. Subilaga alimshukuru sana. Kweli, alimshukuru.

Aprili akatoa kilo hamsini. Mei akatoa. Juni, Julai, Agosti, kila mwezi kilo hamsini zilipanda kwenye mizani kwa namba isiyo yake, na kila mwezi ile elfu kumi ilibaki pale pale imekaa kama mgeni asiyeaga. Mnajua baridi ya Julai ilivyo huku. Mchai hulala. Unatembea mistari yote ya shamba ukitafuta majani mawili na chipukizi, unarudi na kikapu nusu. Kilo hamsini za Aprili zilikuwa jasho la siku mbili. Za Julai zilikuwa jasho la wiki mbili, na zilizobaki hazikutosha hata unga.

Ndipo, Septemba, Subilaga akaziba shimo kwa kuchimba shimo. Alikwenda kwa Mama Nsia, muuza dagaa aliyerithi namba ya chama, akakopa elfu tano, akaahidi gunia zima la Alhamisi lipimwe kwa namba ya Mama Nsia, na yatakayopungua yafuate. Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumanne Mwangoka akampitia shambani, akatazama mistari ya chai huku na huku kama mtu anayepima kwa macho. Akasema amechoka kusubiri. Kuanzia Alhamisi majani yote yapimwe kwa namba yake hadi elfu kumi iishe, na kama hayatoshi, wazungumze habari ya shamba.

Subilaga alipaswa kusema kwamba gunia lina mwenyewe. Hakusema. Aliitikia ndiyo, kwa sababu mwenye deni ulimi wake haulijui neno hapana. Alipobaki peke yake alikaa kati ya mistari ya chai, na woga ukamshika. Si woga wa njaa, njaa walikuwa wamezoeana. Alikuwa akimwona mama mkwe wake siku ile mbele ya wazee, akimshika mkono na kumwekea udongo wa shamba kiganjani.

Alhamisi akachuma, akabeba gunia, akapanga foleni, akiomba mmoja wao apatwe na homa. Hakuna aliyepatwa na homa. Mwangoka alisimama kushoto kwa mizani, Mama Nsia kulia. Gunia likatundikwa kwenye ndoano. Kilo ishirini na sita. Kibona akakata moja ya maji.

"Andika namba yangu," alisema Mzee Mwangoka.

"Andika yangu," alisema Mama Nsia. "Gunia hili niliahidiwa tangu Jumatatu."

Miezi yote ile Kibona alikuwa akiandika namba anayotajiwa. Hakuuliza, kwa kuwa hakuna aliyebisha. Sasa namba zilikuwa mbili na gunia lilikuwa moja. Akaweka kalamu chini.

"Mama," akamwambia Subilaga, "majani haya yamechumwa shamba la nani?"

"Langu, karani."

"Na umemwahidi nani kati ya hawa?"

Subilaga alitazama miguu yake, na aibu aliyoikimbia kwa kitenge cha zambarau ikamkuta pale, mbele ya kijiji kizima.

"Wote wawili," akasema.

"Haiwezekani," alisema Kibona, bila kupandisha sauti. "Jani halipimwi mara mbili. Likishapanda hapa, limekwisha, linaandikwa kwa mtu mmoja tu. Na mtu huyo ni nani, si mimi wa kusema."

Akageuka, akalitoa koti lake msumarini. Ubao ukaonekana, na sharti la tatu likasomeka hata kutoka nyuma ya foleni: kila mkulima atapima majani ya shamba lake kwa namba yake mwenyewe.

Mwangoka akasema huo ni ubao wa zamani. Kibona akajibu kwamba mizani nayo ni ya zamani. Kisha akafungua daftari, na hapo ndipo uchungu wake wa haki uliwafaa watu kwa mara ya kwanza. Alisoma kwa sauti. Shamba la Mzee Mwangoka, robo ekari, Julai yote, wakati chai ya milima mizima imelala, lilitoa majani mengi kuliko mashamba ya ekari moja.

"Kilo hamsini za hapo ni zangu," alisema Subilaga. Sauti ilimtoka yenyewe. "Na za Juni. Na za Mei."

"Na zangu thelathini," alisema mwanamke nyuma yake.

"Na zangu," alisema mwingine. Walikuwa sita, majirani wanaosalimiana kila siku, na kila mmoja alidhani ni yeye peke yake.

Mwenyekiti wa chama aliitwa, kamati ikakaa Jumamosi. Hesabu ya Subilaga ilikuwa fupi: alikopa elfu kumi, alikwisha kutoa majani ya elfu ishirini na tano, na bado alidaiwa elfu kumi ile ile. Wazee walimtaka Mwangoka achague, ayafute madeni yaliyokwisha kulipwa kwa majani au aachie namba yake ya uanachama. Mwangoka akayafuta madeni. Mama Nsia alikubali kurudishiwa elfu tano yake bila ya juu, akasema yeye ni muuza dagaa, hakuwahi kutaka kuwa mkulima. Gunia la Alhamisi liliandikwa kwa namba ya Subilaga, kilo ishirini na tano, maji yamekwisha kukatwa.

Tarehe kumi na tano ya Oktoba Subilaga alilipwa mwezi mzima wa jasho lake. Fedha hazikuwa nyingi. Alimlipa Mama Nsia pale pale kwenye dirisha la malipo, akanunua unga, mafuta na nyama nusu kilo, akarudi kwa njia ndefu inayopita shambani. Alisimama mwanzoni mwa mstari wa kwanza wa chai, akavuta pumzi hadi mbavu zikauma, akacheka peke yake. Tangu Machi hakuwa amevuta pumzi ya namna ile. Jioni alipika nyama yote, akala na wanawe, wala hakuficha kipande cha kesho.

Mwaka uliofuata kwaya yao ilichagua sare mpya, ya kijani. Malipo yalikuwa mbali, na Subilaga hakuwa na kitu. Mwangoka, kwa kuwa watu kama yeye hawakomi, alimkuta njiani, akavua kofia, akamuuliza kama anahitaji msaada mdogo, wa siku chache tu, safari hii kwa fedha taslimu.

Subilaga alikuwa amebeba gunia kichwani, majani yake mwenyewe, akiyapeleka kwa namba yake mwenyewe. Hakulitua.

"Asante, Mzee Mwangoka," alisema. "Jani halipimwi mara mbili."

Jumapili aliimba mstari wa mbele katika zambarau yake ya harusi, peke yake kati ya kijani. Picha ipo. Tumeiangalia miaka hii yote, na hakuna aliyewahi kumcheka.

Basi simu zikiwalilia tena mifukoni, zikiwaambia mkope leo mlipe siku ya mshahara, kumbukeni kwamba gunia la mwezi ujao bado liko mtini, nalo mizani italipokea siku moja tu. Mkilila sasa, siku hiyo mtasimama kwenye foleni mkitazama miguu yenu. Jani halipimwi mara mbili.