Makuvu na Donge la Bi Kidawa

Makuvu, nusu-mungu wa kuvu, alifukuzwa mbinguni kwa kuozesha viti vya enzi vya ndugu zake. Akashuka duniani na kofia yake ya uyoga na hasira zake zote, akasimama mlangoni kwa Bi Kidawa, ambaye maandazi yake yalikuwa magumu hata mbwa waliyakwepa.

"Hama! Nyumba hii naitaka. Ukikataa, napuliza mara moja tu, paa lote linaoza."

"Karibu, bwana mkubwa," alisema Bi Kidawa, mikono imejaa unga. "Paa litaoza, sibishi. Mbao hazijui kupigana. Ila donge langu hili la unga ni kaidi, halijashindwa na mtu. Liue kwanza, nami nahama leo hii hii."

Makuvu akacheka, akalipulizia. Donge likavimba.

"Masikini, umelikasirisha!" akasema Bi Kidawa, akirudi nyuma.

Makuvu akapuliza tena mpaka kofia ikamkaa upande. Donge likafura, likafurika nje ya beseni. Bi Kidawa akalikatakata, akatosa vipande kwenye mafuta ya moto. Vikaibuka vimetuna zaidi.

"Pole, bwana. Hata motoni linakutunishia misuli."

"Kesho nitalimaliza!" akanguruma Makuvu. "Na wewe usithubutu kuhama!"

Miaka ikapita. Majirani walipomwuliza Bi Kidawa anatumia hamira gani siku hizi, alijibu, "Hamira ya nini? Nina mgeni wangu, huja kila asubuhi kugombana na unga."